Hatamu bila ya Farasi

Mtu anaweza kuzaliwa Unguja au Pemba, akaishi miaka sabini, akazikwa, na mkono wake usiwahi hata mara moja kumvisha farasi lijamu. Aghalabu atakuwa hajamuona farasi ila pichani, au kwa mbali ufukweni, akipandwa na mgeni. Hata hivyo, mtu huyohuyo akitaka kueleza kwamba fulani amekabidhiwa madaraka, hatababaika kutafuta neno. Atasema fulani ameshika hatamu. Na anayemsikiliza ataelewa papo hapo, wala hatauliza mnyama yuko wapi, ni wa namna gani, na kamba hiyo imefungwa sehemu gani ya mwili wake.

Maswali hayo yasiyoulizwa ndiyo yanayostahiki kuulizwa. Lugha ya watu wa bahari, watu wa mtumbwi, jahazi na ngalawa, ina maneno kadhaa ya vyombo vya kichwani mwa farasi, nayo yamekita mizizi katika usemi wa utawala, wa sheria na hata wa busara. Yalifikaje, ilhali farasi mwenyewe hakufika, au alifika wachache wachache na kwa muda mfupi?

Kiswahili kina maneno matatu makuu katika jambo hili: lijamu, hatamu na kigwe. Kamusi zimezoea kuyafasiri kwa kurejeana, hili likieleza lile, kana kwamba ni kitu kimoja chenye majina matatu. Kwa matumizi ya leo huenda hapana dhara. Lakini kwa asili yake kila neno lina kitu chake. Lijamu ni chombo kizima cha kichwani pamoja na chuma kinachopita kinywani mwa mnyama, juu ya ulimi, katika ule mwanya usio na meno baina ya meno ya mbele na magego. Hatamu, kwa asili yake ya Kiarabu, haina chuma wala haiingii kinywani. Kigwe ni kamba yenyewe inayokamatwa na mkono wa mpandaji. Tofauti hizi ni ndogo kwa asiyepanda mnyama, na kwa mnyama ni kubwa.

Sababu ya farasi kutoenea katika sehemu hii ya Afrika inajulikana. Mbung'o, ambaye bara huitwa pia ndorobo, hubeba vijidudu vya maradhi ya nagana, na farasi ni miongoni mwa wanyama wasioyastahamili kabisa. Mwaka 1895 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alivitambua vijidudu hivyo huko Zululand, lakini wenye misafara walikuwa wakiijua hasara yake karne nyingi kabla ya kujua sababu. Unguja yenyewe haikusalimika. Mbung'o alikuwapo kisiwani, hasa upande wa msitu wa Jozani, mpaka alipotokomezwa katika miaka ya 1990 kwa kumwaga kutoka ndegeni madume waliolelewa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi. Kufikia 1997 kisiwa kilitangazwa kuwa hakina tena mdudu huyo. Farasi hakurudi kwa ajili hiyo, kwa kuwa hapakuwa na pa kurudi. Waliofaidika ni ng'ombe.

Msafiri al-Masudi, ambaye safari yake ya mwisho ya kutoka kisiwa cha Qanbalu ilikuwa mwaka 916, kisiwa ambacho wengi wanakiona kuwa ni Pemba, ameandika kwamba nchi ya Wazanji haina farasi, nyumbu wala ngamia. Vipando vyao, asema, ni ng'ombe, ambao hutiwa matandiko na lijamu na kwenda mbio kama farasi. Habari hii imewachekesha baadhi ya wasomaji wa baadaye, na idadi ya wapanda ng'ombe anayoitaja kwa jeshi la mfalme wa Wazanji ni kubwa mno kuaminika. Hata hivyo inafaa kuikumbuka kwa jambo moja: katika habari hiyo kongwe ya pwani hii, lijamu imevaliwa na ng'ombe.

Farasi walikuja baadaye, kwa jahazi, na walikuja kwa ajili ya heshima zaidi kuliko kazi. Katika enzi ya Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala kutoka 1806 hadi 1856, kasri ya Mtoni ilikuwa na mabanda yake, na binti yake Salme, aliyezaliwa hapo mwaka 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886 jinsi watoto wa kifalme walivyofundishwa kupanda wangali wadogo. Farasi walikuwa pia zawadi za kidola. Merikebu Sultana ilipotia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840, ikiongozwa na mjumbe Ahmad bin Naaman, ilikuwa na farasi wawili wa Kiarabu kwa ajili ya Rais Martin Van Buren. Katiba ya Marekani haikumruhusu rais kupokea zawadi ya mfalme, na Bunge likaamua zawadi ziuzwe, fedha ziingie hazina. Miaka miwili baadaye farasi wengine walipelekwa London kwa Malkia Victoria. Kwa hiyo kisiwa kiliwaona farasi, lakini kiliwaona wakipita, ama njiani kwenda kwa wafalme wengine, ama barabarani chini ya mfalme wake. Mwananchi wa kawaida alisimama pembeni kutazama. Waliomgusa farasi kichwani walikuwa wachache, nao ni masaisi, yaani watunzaji wa farasi, neno ambalo itabidi kulirejea.

Pamoja na hayo, sikio la mwananchi lilikuwa limeshamjua farasi kabla ya jicho. Mwaka 1728 huko Pate, Mwengo wa Athumani alitunga Utenzi wa Tambuka, unaosimulia vita baina ya Waislamu na Warumi wa Herakli. Tenzi za namna hiyo, zinazosimulia vita vya mwanzo wa Uislamu, zimejaa farasi, matandiko na panga. Zilisomwa kwa sauti mbele ya wasikilizaji ambao mnyama wao wa kila siku alikuwa punda. Kwa njia hiyo farasi alikuwa kwanza mnyama wa utenzi. Alikuwa na vyombo vyake vyote, na vyombo hivyo vilikuwa na majina, ijapokuwa msikilizaji hangeweza kuvionyesha kwa kidole.

Lijamu ndilo neno lililosafiri zaidi. Waswahili wamelipata kwa Waarabu, na Waarabu wenyewe walijua kwamba huenda si lao. Al-Jawaliqi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1144, katika kitabu chake cha maneno ya kigeni yaliyoingia Kiarabu amelitaja lijam, akasema wapo wanaodai ni la Kiarabu na wapo wanaosema limetoka Uajemi. Wa pili ndio walio sahihi. Katika Kiajemi cha kale neno ni lagam, na kugeuka kwa g ya Kiajemi kuwa j ya Kiarabu ni jambo la kawaida: ndivyo gauhar ilivyokuwa jauhar, na kwa Waswahili ikawa johari. Kutoka Uajemi neno lilienda pande zote ambako farasi alikwenda. Wahindi husema lagam. Wageorgia, katika milima ya Kaukasi, husema lagami. Wahabeshi wana luguam, nao wameihifadhi g. Wahausa wana linzami, iliyotokana na neno la Kiarabu pamoja na kiambishi chake al.

Mfano wa Wahausa unafaa kutazamwa kidogo. Nchi yao ya nyika kavu haina mbung'o wa kutisha, na farasi alikuwa nguzo ya dola zao, kiasi kwamba mpaka leo sikukuu za Idi huko Kano hupambwa kwa maandamano ya wapanda farasi. Huko linzami ni kitu cha sokoni, chenye bei yake na fundi wake. Kwa Waswahili lijamu ilikuja bila ya fundi. Hapana hakika kama mhunzi wa Mji Mkongwe alipata kufua lijamu mia moja katika umri wake, ilhali misumari ya majahazi aliifua maelfu.

Inafaa pia kutazama yale ambayo Kiswahili hakikuyachukua, kwani hayo hueleza kama yale yaliyochukuliwa. Waarabu, kwa kuwa waliishi na farasi, waliligawa lijam vipande vipande na kila kipande wakakipa jina. Kile chuma cha kinywani ni shakima, na mtu mwenye nia ngumu asiyepindika husemwa kuwa shakima yake ni kali. Ukanda wa shavuni ni idhar. Mtu akitupa haya na kufanya atakalo, Waarabu husema ameivua idhar yake, kama farasi aliyeponyoka na shavu tupu. Kamba za mkononi ni inan. Hakuna hata moja kati ya haya lililotulia katika Kiswahili cha watu. Mahali pa inan Waswahili waliweka kigwe, neno lao wenyewe la Kibantu, udogo wa ugwe, ambao ni kamba iliyosokotwa, hasa ile ya upinde. Kigwe kilikuwapo tayari: kilifunga, kilitungiwa shanga, kilipambia nguo. Alipokuja farasi, kikapewa kazi ya ziada. Yaani kile kilichokuwa ndani ya kinywa cha mnyama kiliitwa kwa neno la mgeni, na kile kilichokuwa ndani ya kiganja cha mwenyeji kiliitwa kwa neno la mwenyeji.

Tandiko nalo ni hivyohivyo, kutokana na kutandika, kama kitanda na kama jamvi. Wazee walikuwa pia na neno seruji, kutokana na sarj ya Kiarabu, kwa tandiko la Kiarabu lenye mbao. Neno hilo limefifia, na pengine limesongwa na saruji ya kujengea, ambayo asili yake ni nyingine kabisa.

Neno hatamu lina habari ya kushangaza zaidi, kwa sababu si neno la farasi. Khitam ya Waarabu ni ya ngamia. Imetokana na khatm, kwa ta ile nzito, yaani pua na mdomo wa mbele wa mnyama, au mdomo wa ndege. Khitam ni kamba inayozunguka hapo, juu ya pua, na ncha yake ikawa mkononi mwa mwenye ngamia, awe amepanda au anatembea mbele. Ngamia aliyefungwa khitam huweza kutafuna, huweza kulia, huweza kucheua. Kinywa chake ni chake. Anachonyimwa ni kuelekeza pua atakako.

Kiswahili hakitofautishi ta nzito na ta nyepesi ya Kiarabu, na hapo ndipo palipozuka mkorogano. Kuna shina jingine, kh-t-m kwa ta nyepesi, lenye maana ya kutia muhuri na kukamilisha. Kutokana na hilo Waswahili wana kuhitimu, hatima, hatimaye, na hitima isomwayo kwa ajili ya marehemu. Kwa sikio la Mswahili, hatamu na hatima ni ndugu wa tumbo moja. Mshairi anayetafuta vina huyaweka jirani bila ya kusita, na msikilizaji huona kama kuna maana iliyofichika: mwenye hatamu mkononi ndiye mwenye hatima. Hakuna udugu wowote. Mmoja ametoka puani mwa ngamia na mwengine kwenye nta ya muhuri. Lakini udugu uliozuliwa na sikio nao una nguvu yake, na yumkini umesaidia kulipa neno hatamu ule uzito lilionao.

Neno jingine la pua ya ngamia lilifika pwani na kupata bahati nzuri zaidi. Khizam ni pete au kitanzi kinachotiwa puani mwa ngamia. Waarabu wenyewe walikwishaliita hivyo pambo la puani la mwanamke, na Waswahili wakalipokea pambo pamoja na jina lake, hazama. Bibi aliyevaa hazama ya dhahabu siku ya harusi hakuwa na habari ya ngamia, wala hakuna aliyemkumbusha. Kwa upande wa pili, Waswahili walipokiona kile chuma ambacho mpandaji hutia mguu wake, walikiita kikuku, kwa jina la pambo la mguuni la wanawake. Neno moja lilitoka kwa mnyama likaja kwa mwanamke, na jengine likatoka kwa mwanamke likaenda kwa mnyama.

Hata hivyo urithi mkubwa wa vyombo hivi haupo katika maneno yanayoonekana kuwa ya wanyama. Upo katika maneno ambayo hakuna anayeyashuku.

Sehemu moja ya lijam ambayo haijatajwa bado ni hakama, kile kinachozunguka taya na kidevu cha farasi na kumzuia asikaidi. Ibn Faris, mwanalugha aliyefariki mwaka 1004, katika kamusi yake kubwa ya mashina ya maneno anasema kwamba shina h-k-m lina asili moja tu, nayo ni kuzuia. Hukumu, kwa maelezo yake, ni kuzuia dhuluma, na hakama ya mnyama imeitwa hivyo kwa kuwa humzuia. Hikma nayo humzuia mtu na ujinga. Kutokana na shina hili Waswahili wana hukumu, hakimu, mahakama na hekima, na si rahisi kumpata Mswahili atakayepita siku nzima bila ya kutamka mojawapo. Hakama yenyewe, ile ya kidevuni, hawakuichukua. Walichukua watoto wake wote na kumwacha mzazi ufukweni.

Akili ina nasaba ya namna hiyo, ijapokuwa kamba yake ni ya mguu na si ya kichwa. Iqal ni kamba ya kufungia goti la ngamia aliyelala ili asiinuke akapotea, na wanalugha wa Kiarabu wamezoea kueleza kwamba aql imeitwa hivyo kwa kuwa humfunga mtu asiende kwenye maangamizi. Waislamu wengi wa pwani wanaijua ile hadithi ya mtu aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Mungu, akajibiwa kwamba amfunge kwanza, ndipo ategemee. Kitenzi kilichotumika hapo kwa kufunga ndicho kilichozaa neno akili. Na mabedui, ambao husafiri na mali yao yote, walikuja kuizungusha iqal juu ya kilemba cha kichwani. Ile duara nyeusi inayoonekana leo juu ya vichwa vya wanaume wa Ghuba ina jina la kamba ya goti la ngamia.

Imebaki siasa. Kitenzi chake cha Kiarabu, sasa yasusu, ni kumtunza na kumlea farasi: kumlisha, kumsugua, kumfundisha, kumzoesha. Anayefanya hivyo ni sais, ambaye Waswahili wamemfanya saisi. Anachofanya ni siyasa. Kwa hiyo saisi wa zizi la Mtoni na mwanasiasa wa leo wana shina moja la jina, na katika Kiswahili cha zamani ukaribu huo ulikuwa ungalipo, kwani siasa haikuwa na maana ya vyama na kura peke yake. Ilikuwa na maana ya upole, taratibu na uangalifu. Kufanya jambo kwa siasa kulikuwa ni kulifanya pole pole, bila ya kishindo, kama mtu anayemkaribia mnyama mwenye hofu huku amenyoosha kiganja. Maana hiyo kamusi za zamani zimeihifadhi. Ni hasara ya wazi kwamba katika matumizi ya watu imekaribia kutoweka, na kwamba leo kumwambia mtu anafanya siasa ni karibu na kumtukana.

Hapo ndipo usemi wa kushika hatamu unapopaswa kutazamwa upya. Usemi huo haukuzuliwa na wanasiasa. Waarabu nao walisema, na wangali wanasema, zimamu za mambo, zimam ikiwa ni kamba nyengine ya puani mwa ngamia. Zama za Khalifa al-Mahdi wa Baghdad, katika karne ya 8, palikuwa na diwani ya zimam, ofisi ya kudhibiti hesabu za diwani nyengine. Lakini katika Tanzania usemi huu ulipewa rasmi kazi ya kikatiba. Mwaka 1975 mabadiliko ya katiba ya muda yaliweka shughuli zote za dola chini ya uongozi wa chama, na baada ya TANU na Afro-Shirazi kuungana tarehe 5 Februari 1977 kuwa Chama cha Mapinduzi, maneno “chama kushika hatamu” yalisikika katika hotuba, redio na mabango mpaka watoto wa skuli wakayajua kama majina yao. Mfumo huo ulifikia mwisho wake kisheria mwaka 1992, uliporejeshwa mfumo wa vyama vingi. Usemi haukuondoka. Kila baada ya uchaguzi huulizwa nani atashika hatamu, na wanaouliza ni wa kila chama.

Hakuna aliyeonekana kukerwa na picha iliyomo ndani yake. Hatamu inataka mnyama. Mwenye kuishika ni kiongozi, na pua iliyofungwa haiwezi kuwa ya mwengine ila ya raia. Mhausa au bedui, ambaye amewahi kuona mnyama akivutwa puani, angelihisi jambo hilo mara moja, na pengine angelikasirika au angelicheka. Mswahili hakuhisi, kwa kuwa hakuwa na farasi wala ngamia wa kumkumbusha. Kutokuwapo kwa mnyama ndiko kulikoliruhusu neno kuwa adhimu.

Kwa upande mwengine, kama mnyama lazima awepo, hatamu ni chaguo la huruma. Lingelichaguliwa neno lijamu, maana ingelikuwa nyengine. Kiarabu kina kitenzi alijama, kumtia mtu lijamu, yaani kumfunga kauli. Al-Ghazali, katika kitabu alichokimaliza muda mfupi kabla ya kufariki mwaka 1111, alishauri watu wa kawaida wazuiliwe wasiingie katika mijadala mizito ya elimu ya itikadi, na kitabu akakiita Iljam, kuwatia lijamu. Na katika hadithi mashuhuri, anayeulizwa elimu akaificha ameahidiwa lijamu ya moto siku ya Kiyama: kinywa kilichojizuia mahali pa kusema kitazuiwa kwa chuma. Lijamu ni habari ya ulimi, na hatamu ni habari ya mwelekeo. Chini ya hatamu mtu huenda asikotaka, lakini huweza kulalamika njia nzima. Waliokuwa na umri wa kusoma magazeti miaka ile wanajua wenyewe kama kilichoshikwa kilikuwa hatamu au lijamu.

Na jambo la kustaajabisha ni kwamba Waswahili walikuwa tayari na usemi wao kwa jambo hilihili, uliotokana na kitu walichokijua kwa mikono yao. Husemwa pia kwamba fulani ameshika usukani. Usukani ni neno la Kiarabu vilevile, sukkan, lakini kilichoitwa kwa neno hilo kilikuwapo nyuma ya kila jahazi lililotia nanga Malindi au Wete, na hakuna mtoto wa pwani asiyejua kazi yake. Picha yake ni tofauti kabisa. Aliyeshika usukani hakushika pua ya mtu. Ameshika ubao, na ubao unashindana na maji. Amepanda chombo kilekile walichopanda abiria, anarowa kwa wimbi lilelile, na chombo kikipanda mwamba hana tandiko la kurukia. Wayunani wa kale nao waliliona jambo hivyo: kitenzi chao cha kuongoza chombo baharini kilipita kwa Warumi, kikafika Uingereza, na kikarudi pwani hii kwa mlango wa nyuma katika neno gavana, ambaye kwa asili ya jina lake ni mshika usukani. Kwa hiyo lugha ina gavana aliyetoka jahazini na siasa iliyotoka zizini, na mara nyengine mtu mmoja hubeba zote mbili bila ya kujua.

Usukani sasa umehamia kwenye gari, na vijana wengi wakiutaja humaanisha gurudumu la mkononi mwa dereva. Hatamu haikuhamia popote, kwa kuwa haikuwa na pa kuondokea. Labda ndiyo sababu imebaki na sauti ya heshima ambayo usukani umeipoteza. Kitu ambacho hakuna anayekiona hakichakai.

Mnyama anayefungwa kamba puani, hata hivyo, yupo, na hakuondoka tangu zama za Qanbalu. Katika barabara za mashamba, kutoka Mahonda mpaka Makunduchi, na Pemba vivyo hivyo, gari la ng'ombe lingali linapita na mzigo wa kuni, mawe au makuti. Kamba imepita puani mwa ng'ombe, ikazunguka nyuma ya pembe, na ncha yake iko mkononi mwa mwenye gari. Kwa kila kipimo cha kamusi ya Kiarabu, hiyo ndiyo khitam, mahali pake hasa. Mwenye gari akiulizwa jina lake hujibu kuwa ni kamba.